Fildi Mashali wa Redioni: Kiki Iliyoitetemesha Zanzibar Mwaka 1964

Hapa mmezoea tuwapigie stori za mastaa bila ya kuwataja majina: yule msanii aliyekodi gari ya watu akapiga nayo picha, yule dada anaeposti hoteli asiyolala. Leo nna staa mwengine kabisa, na jina namtaja maana historia imeshamtaja. Hakuimba wala hakuigiza filamu. Alikuwa mtu wa vibarua aliyewahi kuishi hapa hapa Pemba, na asubuhi moja ya Jumapili akawa Fildi Mashali. Cheo kajipa mwenyewe.

Lakini kwanza nikwambieni kilichonifanya niandike, na humo mna aibu yangu.

Sauti kwenye simu

Kipindi cha uchaguzi uliopita, usiku, iliingia sauti kwenye grupu letu la WhatsApp hapa Konde. Mtu ana sauti nzito, jina hataji, anajiita "afande". Anasema vijana wameshapangwa kila njia panda, orodha ya majina anayo, na atakaeonekana nje baada ya isha asimlaumu mtu. Dakika moja na ushei tu. Mimi bila ya kufikiri nikaituma kwa watu 6. Mama alipoisikia akafunga genge lake. Jirani yetu mmoja akapakia wanawe kwenye bodaboda usiku ule ule, akaenda kulala kwa shemegi yake Wete.

Bibi yangu alikuwa kakaa na ungo wake, anachambua mchele. Akanambia niirejee. Nikairejea.

"Mtoto wa nani huyo?"

"Simjui, bibi."

"Na uafande kapewa na nani?"

"Kajiita mwenyewe."

Akacheka, kicheko kisichokuwa na furaha. "Basi huyo ndo Okello, mjukuu wangu. Mie leo namsikia mara ya pili."

Asubuhi soko likafunguliwa kama kawaida. Hakukuwa na njia panda iliyozibwa, hakukuwa na afande. Ila mama kapoteza mauzo, na mtoto mdogo wa jirani alipigwa na baridi ya njiani, akaumwa wiki nzima. Na aliyempelekea baba yake ile sauti ni mimi.

Ndo nikaanza kumsaka huyu Okello. Skulini tulisoma Mapinduzi kila mwaka, lakini jina lake tulilipita mbio mbio, kama mtu anaepita mbele ya nyumba anayodaiwa.

Mtu asiyekuwa na wa kumuulizia

John Okello alizaliwa Lango, kaskazini ya Uganda, mwaka 1937. Aliondoka kwao bado kijana, akazunguka Uganda na Kenya akitafuta riziki kwa kazi za mikono, na mwaka 1959 akavuka bahari akafika Pemba. Wakati ule watu wengi wa bara walikuwa wakija visiwani kutafuta kazi, na karafuu ndo ilikuwa roho ya kisiwa. Akajiunga na Afro-Shirazi Party, yaani ASP. Mwaka 1963 akahamia Unguja, akawa karibu na vijana wa chama, wale wa Youth League.

Angalieni vizuri hapo. Mtu kakaa miaka kwenye kisiwa ambacho ukipiga chafya Konde, Wete wanakuombea dua, na bado walio wengi hawakumjua. Hakuwa na ukoo hapa, hakuwa na mtaa, hakuwa na skuli aliyosoma na watu. Kwa siasa za kawaida hilo ni tatizo kubwa. Kwake yeye likaja kuwa mtaji.

Alichokuwa nacho ni stori. Alijieleza kuwa mpiganaji wa Mau Mau kule Kenya, wakati mafunzo ya jeshi hasa hakuwa nayo. Alieleza pia kwamba yeye, Mkristo, alisikia sauti ikimwamuru awakomboe Waafrika wa Zanzibar. Kwa hiyo hata kabla ya kushika bunduki, picha ilishaanza kuchorwa: askari wa msituni, mteule, mtu asiyeogopa kitu. Siku hizi tungesema kajitengenezea brandi.

Rangi zilishachanganywa zamani

Tusimpe sifa zote lakini. Picha haishiki kwenye ukuta usiopakwa chokaa, na chokaa ya Zanzibar ilipakwa miaka kadhaa nyuma, kwenye kipindi ambacho wazee wanakiita Zama za Siasa.

Chama cha ZNP, maarufu Hizbu, kilianzishwa 1955. ASP ikaja Februari 1957, na Julai mwaka huo ukafanyika uchaguzi wa mwanzo. Mwaka 1959 ikazaliwa ZPPP, ambayo ngome yake ilikuwa huku kwetu Pemba, ikiongozwa na Sheikh Muhammed Shamte, mwalimu wa zamani. Kila upande ulikuwa na magazeti yake. Mwongozi lilikuwa likisema na watu wa Hizbu, Afrika Kwetu likisema na watu wa ASP. Mwanahistoria wa Kimarekani Jonathon Glassman aliandika kitabu kizima, kilichotoka 2011, kuhusu vita hiyo ya maneno na jinsi ilivyogeuka kuwa vita ya mawe.

Ukiangalia yaliyokuwa yakisemwa, sera ni kidogo, watu ni wingi. Upande mmoja uliwachora wapinzani wao kuwa ni Waarabu wanaotaka kurudisha utumwa. Upande wa pili ukawachora wenzao kuwa ni wageni wa bara, hawana haki ya kuamua mambo ya visiwa. Mzee Abeid Karume, aliyekuwa baharia na mtu wa maboti ya bandarini, alichekwa kwamba hana elimu. Wenye kumcheka walidhani wanamvunja. Kumbe kwa wachukuzi na wakulima ambao na wao hawana elimu, kila kejeli ilikuwa inamsogeza karibu nao zaidi: huyu mwenzetu, wanamdharau kama wanavyotudharau sie. Chawa wa siku hizi hawajalijua hilo. Ukimchora mtu kwa dharau, angalia nani wengine wanajiona kwenye picha hiyo hiyo.

Mambo yakafika pabaya. Watu wakagomeana maduka, wakagomeana mpaka mazishi. Uchaguzi wa Januari 1961 ASP ilipata viti 10, Hizbu 9, ZPPP 3, na kiti cha Chake Chake kiliamuliwa kwa tofauti ya kura 1. Moja! Uchaguzi ukarudiwa Juni, zikatokea fujo Unguja zilizoua watu 68, wengi wao Waarabu. Julai 1963 ASP ikapata kiasi ya asilimia 54 ya kura zote, lakini viti 13 tu kati ya 31. Hizbu na ZPPP wakaunda serikali pamoja, na Shamte akawa Waziri Mkuu. Uhuru ukaja tarehe 10 Disemba 1963. Serikali mpya ikaanza kuwaachisha kazi polisi wenye asili ya bara, watu waliojua bunduki zinakaa wapi.

Kwa hiyo mwaka unaisha, kila mtu kichwani ana picha ya adui iliyokwisha kupigwa rangi. Picha hizo hakuzichora Okello. Yeye alikuja kuzipa sauti.

Jumapili ya tarehe 12

Usiku wa kuamkia tarehe 12 Januari 1964, siku chache kabla ya Ramadhani, watu kiasi ya 600 hadi 800 walivamia vituo vya polisi Unguja na kuchukua silaha. Hawakuwa jeshi. Walikuwa vijana wa Youth League, vibarua, polisi walioachishwa kazi, wengi wakiwa na mapanga na marungu tu. Asubuhi redio ikawa mikononi mwao, na ndani ya redio ikatoka sauti ya mtu anaejiita Fildi Mashali Okello.

Hapa ndo patamu kwa anaetaka kujua kiki inavyofanya kazi. Huku Pemba usiku ule hakukuwa na vita. Mapambano yalikuwa Unguja. Pemba Mapinduzi yalifika kwanza kama sauti. Bibi anasema kijijini kwao redio ilikuwa moja, ya mwenye duka, na watu walijazana barazani mpaka wengine wakakaa kwenye mchanga. Hakuna aliyemwona Okello. Hakuna aliyejua ana sura gani. Na yeye huko akawa anatoa amri, anatisha, anataja adhabu za kunyonga na kuchoma moto, anazungumza kama mtu aliye na majeshi nyuma yake. Kiswahili chake si cha Unguja wala si cha Pemba, lafudhi ngeni kabisa.

"Tulidhani mtu huyo ni jitu," bibi akanambia. "Kila mmoja akimtengeneza kwa kichwa chake. Mie nilimuona ana macho mekundu. Mwenzangu akasema ana ndevu mpaka kifuani. Na wala hatujamuona."

Sultani Jamshid akaondoka na jahazi lake la kifalme, Seyyid Khalifa. Serikali iliyokuwa na umri wa mwezi mmoja na siku mbili ikaanguka.

Kwa nini watu waliamini

Nimelifikiria sana suala hili, maana na mimi niliamini sauti ya dakika moja.

Kwanza, Zanzibar ni pahala ambapo kila mtu ana wa kumuulizia. Ukimtaja mtu, watu watakwambia baba yake, mtaa wake, na aliwahi kufeli darasa la ngapi. Ukitishwa na mtu unaemjua, unamjibu, "Nyamaza wewe, babu yako namjua." Okello huwezi kumwambia hivyo. Pale pasipokuwa na habari zake, watu walijaza hofu zao.

Pili, cheo. Fildi Mashali ni cheo kikubwa kuliko jenerali. Aliyekuwa barazani siku ile alikuwa hana njia ya kuuliza kapewa na nani, jeshi gani, lini. Kilikuwa kimekamilika chenyewe. Miaka 11 baadae, 1975, Idi Amin kule Uganda na yeye akajipandisha akawa Fildi Mashali, kwa hiyo dawa hiyo ilijulikana.

Tatu, redio yenyewe. Kwa watu wa wakati ule redio ni serikali. Aliyeongea humo ni serikali, basi. Sauti haikuhitaji kuthibitisha kwamba imeshinda. Kule kusikika tu ndo ulikuwa ushindi wenyewe. Askari wa kituo cha mbali akisikia vile, anajiuliza anapigania nani.

Na la nne ndo zito: wapo waliotaka kuamini. Aliyedharauliwa miaka yote alimsikia mkombozi. Aliyekuwa na shamba kubwa alisikia jinamizi lake likisema kwa lugha ya watu. Sauti moja, picha mbili, na zote zilichorwa na msikilizaji.

Haya hayakuishia kwenye hofu tu. Waliokufa Unguja katika siku zile, wengi wao Waarabu na wenye asili ya Kihindi, makadirio yanatofautiana sana, kutoka mamia mpaka maelfu kwa maelfu. Maneno ya redioni yalikuwa na miili mwisho wake. Ndo maana nikisema kiki sicheki.

Siku 59

Sasa angalieni mwisho wa staa wetu. Karume akawa Rais, Abdulla Kassim Hanga na Abdulrahman Babu wakashika nafasi za juu serikalini. Okello hakupewa wizara, akabaki na cheo chake cha redioni na kikosi cha wafuasi wenye silaha. Picha zake za wakati huo zinamuonyesha ndani ya sare. Lakini kila kilichomfanya atishe kikaanza kumgeuka. Lafudhi ile ile ngeni, Ukristo ule ule kwenye nchi ya Waislamu, vitisho vile vile: vilifaa kwa siku moja ya kuangusha serikali, vikawa mzigo kwa watu wanaotaka kuendesha serikali. Ukishamuona mtu kwa macho, kumbe ana urefu wa kawaida.

Wafuasi wake wakanyang'anywa silaha. Tarehe 11 Machi 1964 akavuliwa rasmi ule ufildi mashali. Ukihesabu kuanzia Jumapili ile ni siku 59. Alikuwa katoka kwenda bara, alipotaka kurudi akazuiwa kuingia. Akapelekwa Tanganyika, halafu Kenya, mwisho akarudi Uganda hana kitu. Mwaka 1967 kitabu chake kikachapishwa Nairobi, akijieleza yeye ndo yeye. Mara ya mwisho kuonekana ilikuwa 1971, akiwa na Idi Amin. Baada ya hapo kimya mpaka leo.

Zimwi lenye faida

Mpaka hapo nilidhani stori imekwisha: tapeli wa redioni kaja, katisha, kafukuzwa. Nikarudi kwa bibi kifua mbele, nikamwambia swali lake la "mtoto wa nani" ndo dawa ya matapeli wote.

Akanikatisha. "Swali hilo hilo ndo lililotuua," akasema. "Zama za siasa watu wakiulizana hivyo hivyo. Wewe mtoto wa nani, wa bara au wa Manga? Ukijibu vibaya hupewi chumvi dukani."

Nikakaa kimya. Kisha nikaona jambo ambalo mwanzo sikuliona. Baada ya Okello kuondoka, picha yake haikufutwa, iligawanywa. Historia rasmi ikamuweka pembeni, uongozi wa Mapinduzi ukapewa Karume na Kamati ya Watu 14. Wanahistoria mpaka leo wanabishana alikuwa na uzito kiasi gani, kiongozi hasa au sauti tu iliyotangulizwa mbele. Lakini damu ilipotajwa, jina lake halikusahaulika hata kidogo. Yule mgeni, yule mwenda wazimu wa Uganda. Picha ya zimwi iliyotutisha ikageuka kuwa sabuni ya kuwaoshea wengine wote. Kama yote kayafanya yeye, basi wale mamia waliokuwa nae hawakufanya kitu, na walioandika magazetini miaka 6 hawakufanya kitu, na jirani aliyeonyesha nyumba ya jirani yake hakufanya kitu.

Sauti ya mtu mmoja haiwezi kuingia nyumba hata moja bila ya mikono mingi kuibeba. Hapo ndo nilipozikumbuka zile namba 6 kwenye simu yangu.

Cheo cha watu

Nimalizie kwa mfano wa pili, wa upande wa pili kabisa, na huyu mnamjua. Maalim Seif Sharif Hamad, mzaliwa wa Mtambwe hapa Pemba, mwaka 1943. Na yeye alikuwa na cheo mbele ya jina. Lakini umaalim wake haukutoka redioni. Alisomesha kweli, Lumumba kule Unguja na Fidel Castro hapa Pemba, na wanafunzi wake wapo wanaoweza kukuthibitishia. Ukimpenda ukimchukia, aliyetaka kuuliza alikuwa na wa kumuuliza.

Machi 2019, baada ya mahakama kumtambua Profesa Lipumba kuwa ndo mwenyekiti halali wa CUF, Maalim akahamia ACT-Wazalendo kwa ile kauli maarufu ya kushusha tanga na kupandisha tanga. Mnakumbuka kilichotokea. Ofisi Unguja na Pemba zikapakwa rangi mpya mara moja. Chama cha miaka 27 watu wakakiacha wakamfuata mtu. Hiyo ndo nguvu ya sura iliyojengwa taratibu.

Lakini hata hapo bibi hakuniacha nistarehe. Nilimuuliza kama hiyo basi ndo picha nzuri ya kuifuata. Akasema, "Maalim katuachia tarehe 17 Februari 2021. Sasa waliompenda yeye wanajua walichokuwa wanakitaka, au walikuwa wanamtaka yeye tu?" Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina.

Nilichokifanya mimi ni kidogo. Niliwapigia wale watu 6 mmoja mmoja, nikawaambia ile sauti niliituma mimi, aliyeirikodi simjui, na hakuna nilichokihakikisha. Watano walicheka wakasema yamepita. Wa sita, yule jirani yetu, hakucheka. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akanambia mwanawe hajambo, na siku nyengine nikipata kitu kama kile nije nimgongee mlango nimwambie kwa mdomo wangu.

Nyie huko mliko mmewahi kupokea sauti ya "afande" wenu? Mliifanya nini? Na kama nyumbani mna mzee anaeikumbuka ile redio ya 1964, kaeni nae leo kabla ya kesho, mtuandikie hapo chini alichowaambia. Matusi nitayafuta.